Goli Ambalo Mzee Nyavu Hakuliona

Katika miaka kumi na tisa ambayo Nathanaeli Sichalwe aliishonea nyavu timu ya Shujaa ya Mpemba, jirani na Tunduma, nyavu hizo zilitoboka kusini na kaskazini kwa usawa kabisa. Kipindi cha kwanza wageni walizitoboa za kusini. Kipindi cha pili, timu zikishabadilishana pande, wakazitoboa za kaskazini. Hakuna upande ulioonewa. Mkewe Imelda alisema hiyo ndiyo haki pekee aliyowahi kuisikia katika mpira.

Kazi iliyowalisha ilikuwa maturubai. Pale Tunduma, kandokando ya barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia, Nathanaeli alikuwa na kibanda cha mabati, stuli moja, na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, ambayo aliichomeka kwenye kofia yake mpaka watu wakaamini imeota humo. Dereva akimletea turubai lililochanika, alilitandaza chini, akalipigia magoti kama mtu anayesali, na jioni lilikuwa zima. Vipande vya kamba ya manila vilivyobaki hakuvitupa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa nyavu za Shujaa: bluu hapa, chungwa pale, kijani kidogo kwenye kona, kama vitenge vya kina mama asubuhi ya Pasaka.

Kila Jumamosi mechi ikiisha alizifungua na kuzibeba kichwani hadi nyumbani. Zilikuja na nyasi, mbigili na matope, zikalala sebuleni juu ya vitambaa vyeupe ambavyo Imelda alivifuma kwa mkono wake. Jumapili hazikuguswa, kwa sababu siku ya Bwana hata sindano hupumzika. Jumatatu ndipo alipokaa chini kuzikagua. Angel, binti yao wa kwanza, alijifunzia hesabu humo humo.

"Baba, leo matundu matano."

"Hesabu tena, mama. Hilo moja ni la panya."

Shujaa haikushinda. Hilo lisemwe mapema ili msomaji asije akapata matumaini yasiyo na msingi. Sare walipata, tena wakazisherehekea kwa wiki nzima. Mara mbili walipewa ushindi wa mezani, wapinzani wao walipoharibikiwa na gari njiani, lakini Nathanaeli alikataa kuuhesabu. "Wamefungwa na gia boksi," alisema, "hawakufungwa na sisi." Alikuwa mtu wa kweli hata pale uongo mdogo ungemfariji.

Kule sokoni walimwita Mzee Nyavu, na Jumatatu asubuhi hakuna aliyempita bila kumtekenya.

"Mzee Nyavu, shikamoo. Juzi ngapi?"

"Marahaba. Tulicheza vizuri sana."

"Sijauliza hilo, mzee. Ngapi?"

"Nne. Ila ya nne ilikuwa ofsaidi, refa alikuwa anapiga chafya."

Wakicheka, naye alicheka. Kisha alisema neno lake, lile ambalo mtaa mzima ulilijua kwa moyo: "Hata lori la mwisho huvuka mpaka." Alikuwa ameyatazama malori maisha yake yote. Alijua kwamba dereva anaweza kukaa kwenye foleni siku nne, akaota moto, akafua soksi zake, akakata tamaa, lakini asubuhi moja geti hufunguka mbele yake. Mungu hakuwa ameisahau Shujaa, alisema. Alikuwa ameipanga foleni tu.

Imelda hakuupenda mpira. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na kwa hesabu yake mume wake alitumia pumzi nyingi zaidi kuiimbia Shujaa kuliko kumwimbia Muumba. Miaka yote kumi na tisa hakuwahi kukanyaga uwanja wa Mpemba. "Nikitaka kuona watu wazima wakianguka chini na kulia," alisema, "nitakwenda kwenye mkutano wa injili."

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Nathanaeli alianza kuvimba miguu. Akishona mistari miwili ya turubai, anahema kama aliyepanda mlima. Walikwenda hospitali Vwawa, na daktari akawaeleza kwa upole kwamba moyo wa mzee umepanuka, dawa zitasaidia kwa kiasi, na yaliyobaki ni ya Mungu.

"Asishtuliwe," daktari alimwambia Imelda. "Si kwa huzuni, wala kwa furaha iliyozidi."

"Huzuni haina neno, daktari, ameizoea. Na hiyo furaha, anashabikia Shujaa ya Mpemba."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe! Basi hakuna hatari."

Walicheka wote watatu. Lakini kwenye gari la kurudi, wakati Imelda akidhani mume wake amesinzia, Nathanaeli alisema huku macho yamefumbwa: "Mama Angel, kufa siogopi. Bwana ananijua na mimi namjua. Ila ningependa kuiona Shujaa ikishinda mara moja. Mara moja tu, kwa macho yangu haya."

Imelda alitazama dirishani mashamba ya kahawa yakipita. Kisha akasema jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakulitarajia. "Nitakupeleka mimi."

Kuanzia siku hiyo sala zake zilibadilika. Awali alimwombea mumewe afya, watoto hekima na taifa amani. Sasa, baada ya amani ya taifa, aliongeza kwa sauti ya chini, akiona aibu kidogo mbele za Mungu: "Na Shujaa, Bwana. Moja tu. Hata la kujifunga."

Mechi ya mwisho ya ligi ya wilaya iliangukia Jumamosi ya mwezi wa sita, saa kumi jioni, nyumbani Mpemba, dhidi ya Radi ya Vwawa. Wiki nzima Nathanaeli alishonea nyavu kitandani, mito miwili mgongoni, akikaza kila fundo kwa meno. Alhamisi alizikagua jicho kwa jicho, kusini na kaskazini, hata lile tundu la panya akaliziba. Danieli, kipa na nahodha wa Shujaa, ambaye siku za kazi alikuwa mpakuaji mizigo wa malori, alikuja kuzichukua.

"Shikamoo mzee. Utakuja kweli?"

"Marahaba. Nitakuja. Mama Angel atanileta."

Danieli alimtazama Imelda kana kwamba ameambiwa mchungaji atacheza winga. "Mama? Uwanjani? Basi Jumamosi lazima kitokee kitu."

Kikatokea.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Imelda alivuka kwenda Nakonde kwa dada yake Restuta, aliyeolewa upande wa Zambia, kuchukua kuku wa kienyeji wa kumchemshia mgonjwa supu. Hakukaa.

"Haraka ya nini?" Restuta alimuuliza.

"Nampeleka shemeji yako mpirani."

"Wewe? Mpirani? Mayo! Dunia imefika mwisho na mimi sijamaliza kufua."

Sasa, watu wa Tunduma wanalijua jambo hili kama wanavyojua njia ya kwenda kisimani. Zambia saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukivuka, simu hushika mtandao wa kule na saa yake hurudi nyuma yenyewe. Ukirudi nyumbani, simu nayo hurudi. Mara nyingi hurudi. Lakini nyumba ya Sichalwe ilikuwa karibu na mpaka kiasi kwamba siku nyingine simu hung'ang'ania mnara wa Zambia hata ukiwa jikoni kwako, na mtu mwenye akili hutazama kwanza jina la mtandao ndipo aiamini saa. Imelda alijua hivyo kuliko wengi. Ila siku hiyo alikuwa na kuku wa kuchinja, mgonjwa wa kuogesha na sala moja iliyokuwa ikizunguka kichwani kama inzi. Hakutazama.

Nathanaeli alivaa tangu saa nne: sweta, juu yake jezi ya kijani ya Shujaa, juu yake koti kwa ajili ya baridi ya Juni, na kofia yenye shazia. Akakaa mlangoni.

"Saa ngapi, Mama Angel?"

"Saa nane na robo. Kunywa supu."

Akanywa. "Mbona jua limekwishaufikia mlango?"

"Jua la Juni lina haraka. Kunywa."

Baada ya muda akauliza tena. Imelda akatazama simu. "Saa tisa kasoro dakika tano. Wewe Baba Angel, ni mtoto wa Sikukuu?"

"Mimi ninajua jua la mlango huu. Likifika kwenye mguu wa stuli ni saa kumi."

"Basi stuli imesogea."

Walitoka simu iliposema saa tisa na nusu. Anania, kijana wa bajaji wa mtaani, aliwapakia mzee, mama, stuli na chupa ya maji. "Mechi si saa kumi, mama?"

"Saa kumi. Endesha."

Anania alitazama jua, kisha akawasha bajaji. Kumsahihisha Mama Angel halikuwa jambo la mwenye bajaji mpya. Labda, alisema baadaye, wazee waliamua kuona kipindi cha pili tu, kupunguza maumivu.

Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa imefunga barabara. Bajaji ilipenya kushoto, ikarudi, ikasimama nyuma ya lori la saruji, na Nathanaeli, badala ya kukasirika, aliyakagua maturubai kwa mshono. "Lile langu. Lile si langu, tazama lilivyovimba. Lile langu, la mwaka ule Angel alipomaliza darasa la saba." Alikuwa mchangamfu kama bwana harusi. Imelda alitazama simu: saa kumi na dakika kumi. Dakika kumi si kitu, alijiambia. Shujaa haijawahi kufungwa magoli yote katika dakika kumi.

Foleni ikawala zaidi ya nusu saa nyingine. Walipokata kona ya kuingilia uwanjani walikutana na umati unatoka. Watu walikuwa wanaruka. Mwanamke mmoja alikuwa amevua kitenge cha pili na kukizungusha hewani. Wanaume wawili wenye heshima zao, mmoja mzee wa kanisa, walibebana mgongoni. Na wote walikuwa wanapiga kelele neno moja: "Limevuka! Lori limevuka!"

"Kuna lori gani?" Imelda aliuliza.

Nathanaeli hakuuliza. Alikuwa amekwisha kushika chuma cha bajaji kwa mikono miwili.

Danieli aliwaona. Alikuja mbio, glovu bado mikononi, uso umejaa machozi na vumbi. "Mzee! Mzee Nyavu! Moja bila! Tumeshinda moja bila!"

"Mpira unaanza saa ngapi?" Nathanaeli aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umeisha, mzee! Umeisha sasa hivi! Nimempigia mama mara saba. Kila mara, haipatikani, haipatikani."

Imelda aliitazama simu yake. Safari hii aliitazama juu kabisa, pale linapokaa jina la mtandao. Miaka kumi na tisa, sala za miezi mitatu, na Bwana alikuwa amejibu kwa wakati wake kamili, saa za Tanzania, wakati yeye amemweka mume wake mlangoni anamnywesha supu kwa saa za Zambia.

"Baba Angel," alisema. "Ni mimi. Simu ilikuwa Nakonde. Mimi nilikuwa hapa, simu ilikuwa Nakonde."

Akaanza kulia, kilio cha sauti ya pili, kinachosikika mbali. Nathanaeli alilitazama jua.

"Nilikuambia," alisema mwishowe. "Jua halishiki mtandao wa Zambia."

Sebastian ndiye aliyefunga. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwendesha bodaboda, na katika misimu mitano goli hilo lilikuwa la kwanza kwake. Alisukuma watu akaja mbele. "Mzee hakuliona? Haiwezekani. Turudi! Namfungia tena lile lile!"

Wazo hilo liliwapanda watu kichwani kama pombe ya msiba wa tajiri. Umati ukageuka. Radi ya Vwawa walikuwa wanapanda gari lao wakiwa wamenuna. Danieli akaenda kuwasihi, akawaonyesha mzee, aliyekwisha kushushwa na kukalishwa kwenye stuli yake kando ya uwanja. Shadrack, kipa wao, alitafakari, kisha akaanza kuvaa viatu upya. "Leo nimekuwa wa kwanza kufungwa na Shujaa tangu ngurumo iumbwe," alisema. "La pili litaniongezea nini?"

Wakajipanga. Hapo hapo ugomvi ukazuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameona goli lake. Ilikuwa kona. Hapana, ilikuwa mpira wa kurusha. Ilikuwa kona, ikamgonga beki mgongoni, ikamwangukia Sebastian gotini. Kifuani! Gotini, mimi ndiye mwenye goti! Hatimaye goti likashinda, na kona ikapigwa.

Ikapita juu ya goli, juu ya watu, ikaanguka kwenye shamba la mahindi.

Ya pili ilimgonga beki mgongoni barabara, kama ilivyotakiwa, ikamwangukia Sebastian gotini barabara, na ikatoka nje.

Ya tatu ikagonga mwamba. Ya nne ingeingia, ila Shadrack, katika kujitahidi kuukwepa mpira, aliteleza na kuuzuia kwa kisigino. "Nisamehe, mzee!" alilia. "Mguu una mazoea!"

Ya tano hawakupiga kona tena. Waliuweka mpira chini, hatua tatu kutoka golini. Shadrack alilala chali pembeni na kujifunika uso kwa glovu. Goli lilikuwa wazi kama mlango wa kanisa Jumapili. Sebastian alirudi nyuma, akajipangusa jasho, akafanya ishara ya msalaba ingawa hakuwa Mkatoliki, akaja mbio.

Mpira ulipaa juu ya mtambaa panya na kuwafuata wenzake kwenye mahindi.

Kutoka kwenye stuli ilisikika sauti. Imelda aligeuka kwa hofu, mkono kifuani. Nathanaeli alikuwa amejikunja, mabega yanatikisika, kofia imeanguka na shazia yake. Alikuwa anacheka. Alicheka kicheko kilichoanzia kwenye miguu yake iliyovimba, kikapanda, kikawashika wachezaji mmoja mmoja, kikawaangusha Radi ya Vwawa kwenye nyasi, kikamfikia hata mzee wa kanisa aliyekuwa bado mgongoni kwa mtu.

"Acheni," alisema akihema. "Acheni, mtaniua kabla ya siku yangu. Sasa nimesadiki. Hii ni Shujaa yenyewe. Mngelifunga lile, ningesema Mama Angel amenileta kwenye timu ya watu."

Kisha akaomba apelekwe golini. Imelda alimshika upande mmoja, Danieli upande wa pili, wakaenda polepole hadi nyavu za kaskazini. Alizipitisha vidoleni kama anavyosoma kipofu, jicho kwa jicho, bluu, chungwa, kijani. Karibu na mlingoti wa kulia vidole vilisimama. Palikuwa na tundu moja, jipya, nyuzi zake bado nyeupe kwa ndani.

"Alhamisi halikuwepo," alisema. Akaingiza vidole viwili, akatoa, akaingiza tena. "Fundo langu hilo, nililikaza kwa meno. Limekatwa kwa nguvu. Limekatwa vizuri sana."

"Umelipata, mzee?" Sebastian aliuliza, kama mtoto anayesubiri maksi.

"Nimelipata, mwanangu. Ninalo hapa."

Imelda alikuwa bado analia. Nathanaeli aliegemea mlingoti na kumvuta karibu, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yao.

"Miaka kumi na tisa nimekuwepo, Mama Angel, dakika zote. Umeona matokeo yake? Leo umenichelewesha, wameshinda. Ungenipenda mapema hivi, tungekuwa ligi kuu."

Usiku huo hakukagua nyavu. Wala Jumatatu. Kila aliyeuliza "Juzi ngapi?" aliulizwa na yeye, "Saa za wapi?" na kicheko kikaanza upya.

Bwana alimchukua mwezi wa nane, Jumanne asubuhi, kwa amani, kofia ikiwa kwenye msumari wake. Shujaa ndio waliobeba jeneza, wote kwa jezi za kijani, na Imelda aliwaambia kabla hawajalinyanyua, "Wanangu, hili lisiende mahindini." Wakacheka na kulia kwa pumzi moja, na waombolezaji wa mbali wakashangaa ni msiba wa namna gani.

Lile tundu Imelda hakulishona. Alikikata kipande kizima cha wavu kikiwa na tundu lake katikati, akakitundika sebuleni juu ya vile vitambaa vyeupe. Pale kwenye wavu alipokikata aliweka kiraka cha manila ya chungwa, mshono wa mtu anayejifunza, fundo moja kubwa, moja dogo.

Msimu ulipoanza tena Danieli alimpigia simu Ijumaa.

"Shikamoo mama. Kesho saa kumi jioni."

"Marahaba. Nitakuja."

"Mama, usikasirike. Tumekaa kikao. Tunaomba wewe uje saa kumi na moja."

Imelda alicheka mpaka ikabidi akae. Jumamosi alivaa saa ya mkononi ambayo Angel alimtumia, akaifananisha na saa ya kanisani, akabeba stuli na kofia yenye shazia, na saa kumi kasoro robo alikuwa amekwisha kukaa nyuma ya goli la kusini. Wachezaji walipomwona walishika vichwa.

Walifungwa tatu bila. Mbili kusini, moja kaskazini. Imelda alizifungua nyavu, akazitwika kichwani, na njia nzima alieleza kila aliyemuuliza kwamba walicheza vizuri sana.